Uzito wa Kizibao

Ndege huyu kwa Kiswahili anaitwa bata mzinga, na ni mizinga kweli iliyokuja kumwokoa. Mwaka 1951, katika Msitu wa Taifa wa Francis Marion, jimbo la South Carolina nchini Marekani, mtaalamu wa wanyamapori Duff Holbrook aliwategea ndege hao mahindi mahali peupe. Pembeni alilaza wavu mkubwa uliokunjwa, akaufunga kwenye vyuma vilivyoshindiliwa ndani ya mizinga midogo. Ndege walipoinamisha vichwa kula, mizinga ililia, wavu ukaruka juu yao, wakanaswa wazima. Mbinu hiyo ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya mabata wa majini na mabata bukini. Katika msitu huu wa South Carolina iligeuza historia ya ndege mwingine, na pamoja naye historia ya vazi lililokuwa bado halijashonwa: kizibao cha kuwindia bata mzinga.

Kwa msomaji wa pwani, kizibao ni kile kivazi cha darizi kinachovaliwa juu ya kanzu siku ya sikukuu au harusi. Cha mwindaji wa Marekani kinafanana nacho kwa jambo moja tu, kutokuwa na mikono. Nyuma kinaning'inia kikalio cha sponji. Mgongoni kuna mfuko mpana wa kubebea ndege. Kifuani na mbavuni kuna mifuko kumi, kumi na miwili, pengine zaidi, na kila mmoja una mpangaji wake. Anayekitia machoni mara ya kwanza hudhani ni shanta la askari lililopasuliwa katikati. Siku hizi wateja wengi huanza kwa kukiinua kwa kidole kimoja kabla ya kuuliza bei. Wanataka kujua kina uzito gani kikiwa kitupu, kwa sababu wanakumbuka kilivyowaelemea wazee wao.

Ndege mwenyewe amezoea kubebeshwa vitu visivyo vyake, kuanzia jina. Asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Mexico walimfuga karne nyingi kabla Wahispania hawajamvusha bahari mwanzoni mwa karne ya 16. Waingereza walipomwona walimchanganya na kanga wa Afrika, aliyewafikia kupitia biashara ya Waturuki, ndiyo maana wakampa jina la Uturuki. Waturuki nao wanamwita hindi, yaani wa India, na Wareno wanamwita peru. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus alimwandika Meleagris gallopavo, na neno hilo la kwanza ni jina la Kigiriki la kanga. Kwa hiyo jogoo wa misitu ya Alabama anatembea na jina la ndege ambaye, kama inavyosimuliwa, madoadoa yake yaliipa leso ya pwani yetu jina la kanga.

Wazungu walipoanza kuhamia Amerika Kaskazini, bata mzinga walienea katika eneo ambalo leo ni majimbo 39. Misitu ikafyekwa kwa mbao na mashamba. Ndege wakapigwa na kuuzwa sokoni bila msimu wala kikomo. Connecticut ilibaki bila hata mmoja wa porini mapema katika karne ya 19, na Massachusetts ikafuata katikati ya karne hiyo. Kufikia mwaka 1920 walikuwa wametoweka katika majimbo 18 kati ya yale 39. Waliosalia walijibanza kwenye vinamasi vya Kusini na mabonde ya milima ya Appalachia, mahali ambapo shoka lilichelewa kufika.

Mwaka 1937 Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria ya Pittman-Robertson, iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Fedha zikapatikana, lakini jaribio la kwanza liliambulia patupu. Majimbo yalifuga bata mzinga mabandani na kuwaachia msituni kwa maelfu, nao wakafa au wakaliwa, kwa kuwa hawakuwa wamefundishwa na mama porini namna ya kuogopa. Wavu wa mzinga ndio uliofungua njia. Ndege wa porini walinaswa, wakatiwa kwenye masanduku na kuhamishiwa misitu mingine. Missouri ilifungua msimu wake wa kwanza wa kisasa mwaka 1960, siku tatu tu, na wawindaji wakapata ndege 94. Mwaka 1973, Shirikisho la Kitaifa la Bata Mzinga wa Porini lilipoanzishwa Virginia, ndege walikadiriwa kuwa milioni 1.3. Mwanzoni mwa karne hii walikaribia milioni saba, na leo wapo katika majimbo yote isipokuwa Alaska.

Ndege hao wapya walizaa wawindaji wapya. Watu ambao baba zao hawakuwahi kusikia jogoo wa porini akiwika waliamka alfajiri ya Aprili na kumsikia nyuma ya zizi. Hawakuwa na mjomba wa kuwafundisha. Walijifunza kwa vitabu, baadaye kwa kanda za video, na walihitaji vifaa ambavyo mtu wa vinamasi vya Kusini alivirithi au alijichongea mwenyewe. Soko la kizibao lilianzia hapo.

Lakini kwa nini kizibao, na si koti au begi? Jibu liko katika namna uwindaji wenyewe unavyofanywa. Katika majira ya machipuko sheria huruhusu kuwinda madume, kwa sababu majike wako kwenye viota. Mwindaji huingia msituni gizani, husikiliza jogoo anayewika akiwa bado juu ya mti alikolala, kisha huketi chini ya mti mpana na kuiga sauti ya jike. Hapo anapingana na maumbile. Kwa kawaida jogoo huwika akingoja jike amfuate, na sasa anaombwa afunge safari yeye. Huenda akaja baada ya dakika kumi. Huenda akaja baada ya saa mbili. Pua yake ni dhaifu, hata wawindaji hutaniana kwamba angekuwa na uwezo wa kunusa kusingekuwa na aliyewahi kumla. Ila macho yake yako ubavuni mwa kichwa na huona karibu pande zote bila kugeuka, tena kwa rangi. Mwindaji akiinua matako kidogo kwa sababu jiwe linamchoma, au akipekua mfuko usio wake, kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Kwa hiyo anahitaji kitu cha kukalia, na kila kifaa kiwe mahali ambapo mkono unakifikia bila macho kusaidia.

Wazee wa Kusini walivumilia bila hayo. Mwindaji wa mwishoni mwa karne ya 19 aliweza kuweka vifaa vyake vyote kwenye mfuko wa shati: risasi chache, kisu, na filimbi ya mifupa ya bawa. Filimbi hiyo ilirithiwa kutoka kwa wenyeji wa Amerika. Mifupa miwili au mitatu ya bawa la jike husafishwa na kutolewa uboho, ikaunganishwa mmoja ndani ya mwingine. Mwindaji haipulizi. Huvuta hewa kwa midomo kana kwamba anambusu mtoto, na sauti hutoka upande wa pili. Charles L. Jordan, mmoja wa mabingwa wa filimbi za aina hiyo, aliacha maandishi ambayo Edward McIlhenny wa Louisiana, kutoka familia inayotengeneza pilipili ya Tabasco, aliyatumia kutoa kitabu kuhusu ndege huyu na uwindaji wake mwaka 1914. Mtu wa zama hizo alikalia majani makavu, na yakilowa, alilowa nayo.

Uzito uliingia kwa mlango wa sanduku. Mwaka 1897, Henry Gibson wa Dardanelle, Arkansas, alipata hataza ya kisanduku cha kuitia bata mzinga: kihori chembamba cha mbao chenye kifuniko kilichoshikwa na skrubu upande mmoja. Kifuniko kikipakwa chaki na kusuguliwa kwenye ukingo wa kihori hutoa sauti ya jike, kwa urahisi kiasi kwamba mtoto anaweza kujifunza kwa nusu saa. Lakini kisanduku hakiingii kwenye mfuko wa shati. Kikilowa kinanyamaza. Na kibaya zaidi, mwindaji akitembea nacho hulia chenyewe kwa kila hatua, kikiwatangazia ndege wote wa bondeni. Wazee walikifunga kwa mpira au walisukumia kitambaa chini ya kifuniko. Mfuko mrefu na mwembamba ulio ubavuni mwa vizibao vya leo, wenye mkanda wa kukibana kifuniko kisicheze, ni jibu la shida hiyo hiyo.

Vifaa vingine vilifuata na kila kimoja kilidai chumba chake. Kibao cha mawe cha duara, jamaa wa vile ambavyo watoto wa shule waliandikia zamani, husuguliwa kwa kijiti, na kila aina ya mti hutoa sauti yake. Kwa hiyo mwenye kibao kimoja hubeba vijiti vitatu, pamoja na msasa wa kukwaruzia. Ndiyo maana kuna safu ya mifuko myembamba kama ya kalamu.

Kifaa chepesi kuliko vyote nacho kina zaidi ya miaka 100. Samuel McCain wa New Orleans alipata hataza mwaka 1921 ya kifaa cha kuwekwa mdomoni: utando wa mpira uliovutwa ndani ya fremu ndogo yenye umbo la kwato ya farasi. Mwindaji hukibana kwa ulimi kwenye kaakaa, akaita huku mikono yote miwili ikiwa kwenye bunduki. Kina uzito wa gramu chache tu. Kingetosha peke yake, na kwa mabingwa wachache kinatosha. Lakini wawindaji wengi hawakuacha kisanduku wala kibao walipokipata. Walikiongeza juu ya hivyo viwili.

Wakati huo vazi la porini lilikuwa koti la marudufu, kitambaa kizito cha pamba, lenye mfuko mkubwa nyuma wa kutia mawindo. Lilivaliwa na wawindaji wa kware, sungura na mabata bila ubaguzi. Kampuni ya Filson ya Seattle, iliyoanzishwa mwaka 1897 kuwavalisha wachimba dhahabu wa Klondike, ilipata hataza mwaka 1914 ya koti la watu wa misitu lenye mfuko unaochukua mgongo mzima. Makoti hayo yalidumu mpaka yakarithiwa. Lakini marudufu ikinyeshewa hunywa maji na kuwa kama ngozi ya ng'ombe mbichi mabegani, na katika joto la Alabama mwezi Aprili mwindaji hutokwa jasho kabla hajafika kwenye mti wake.

Mabaka ya kumficha mwindaji yaliletwa na vita. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilitoa sare zenye madoa, upande mmoja kijani na upande wa pili kahawia, zilizochorwa na Norvell Gillespie, mtaalamu wa bustani. Wanajeshi wa majini walizivaa katika visiwa vya Pasifiki. Baada ya vita masalio yaliuzwa rejareja, na kwa miaka mingi mwindaji wa kawaida aliingia msituni na nguo iliyotengenezwa kwa ajili ya vichaka vya nchi nyingine kabisa.

Jim Crumley, mwalimu wa Virginia, hakuridhika. Alianza kuchora mistari ya magome ya miti kwenye nguo zake, na mwaka 1980 aliingiza sokoni mabaka aliyoyaita Trebark. Miaka sita baadaye walitokea wawili kwa mpigo. Huko Mississippi, Toxey Haas aliokota majani, vijiti na udongo kutoka pale alipozoea kukaa kuwinda, akaanzisha Mossy Oak. Huko Georgia, Bill Jordan alichora gome la mwaloni uliokuwa mbele ya nyumba ya wazazi wake, akaanzisha Realtree. Mabaka yao yalimfanya mtu aliyeketi chini ya mti aonekane kama sehemu ya shina. Mabaka yakawa biashara ya kuchapa vitambaa, na viwanda vilivyochapa kitambaa vilitafuta kila kitu cha kukishona.

Kati ya miaka ya 1980 na 1990 vizibao vilivyoshonwa mahususi kwa uwindaji wa bata mzinga vilienea madukani, na vilishonwa kwa ukarimu uliopita kiasi. Sponji ya kukalia ilinenepa. Ukaongezwa mto wa mgongo, kwa sababu magome ya mwaloni hayana huruma. Zikaja nafasi za glavu na kifuniko cha uso, chupa ya maji, tochi, mkasi wa kukatia matawi, darubini, kifaa cha kufukuzia mbu, na jike bandia la mpira la kusimamishwa mbele ya mwindaji. Katika nyanda za Texas na Kansas, ambako miti ni michache, mtindo mwingine ulipata wapenzi: kizibao chenye fremu ya chuma na miguu inayokunjuka, kinachogeuka kiti chenye egemeo popote mtu anapoamua kukaa. Ni raha kubwa kwa aliyeketi. Kwa anayetembea, kizibao cha namna hiyo kina kilo mbili hivi kabla hakijatiwa hata chaki.

Bunduki nayo iliongeza mzigo. Mwaka 1988 ilitoka risasi ya geji 12 yenye urefu wa inchi tatu na nusu. Lengo lake lilikuwa mabata wa majini, ila wawindaji wa bata mzinga waliipokea kwa shangwe, pamoja na bunduki nzito ya kuhimili teke lake. Mabadiliko yalikuja kutoka kwenye madini. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, na ya aloi ya tungsteni inayotumika siku hizi kutengenezea marisau ina gramu 18 hivi. Punje ndogo sana za tungsteni hupenya kama punje kubwa za zamani, na punje nyingi zaidi huenea kwenye ganda dogo. Risasi za aina hiyo zilipoanza kutengenezwa viwandani na kuuzwa kwa wingi mwaka 2018, bunduki nyembamba ya .410, ambayo wazee waliiona ya watoto kupigia kuchakuro, ikawa silaha ya watu wazima. Aliyekwisha kupunguza kilo moja mkononi huanza kuulizia ile iliyo mgongoni.

Hapo ndipo vizibao vilipoanza kukonda. Mgongo wa marudufu ulibadilishwa kwa kitambaa cha neti kinachopitisha upepo. Sponji ya kawaida, inayofyonza umande na kuurudisha kwenye suruali, ilibadilishwa kwa ile ya chembe zilizofungwa ambayo hainywi maji. Vifungo vya kunata vilivyokuwa vikilia kama nguo inayochanwa viliondolewa, zikaja sumaku. Baadhi ya mafundi waliondoa kizibao chenyewe na kubakiza kanda mbili za mabega, mshipi wa kiunoni na mifuko michache.

Mwindaji anayejua anachotafuta hukijaribu kizibao juu ya nguo atakazovaa, maana asubuhi ya Machi na asubuhi ya Mei hazivaliwi sawa. Huketi nacho sakafuni dukani bila aibu. Akiketi, mifuko ya chini isibanwe na mapaja, na mkono ufikie kisanduku bila kiwiko kuinuka. Akisimama, kikalio kisimpige nyuma ya magoti kwa kila hatua, bali kiwe na bizimu au sumaku ya kukishika juu. Huinua bunduki kuona kama ukanda wa bega unazuia kitako chake. Hufunga mshipi kiunoni na kupima kama mzigo umeshukia nyongani au umebaki mabegani. Anayewinda shambani kwa jirani, hatua mia mbili kutoka garini, anaweza kujinunulia kiti chenye miguu na kulala usingizi ndani yake. Anayepanda milima ya Appalachia katika misitu ya umma huhesabu gramu.

Kuna kitu kimoja kisichopunguzwa hata kwa wapenda wepesi. Msitu wa machipuko umejaa watu waliovaa mabaka, wote wakiiga sauti ya ndege mmoja. Kichwa cha jogoo kina rangi nyekundu, nyeupe na buluu, kwa hiyo wakufunzi wa uwindaji hukataza rangi hizo hata kwenye soksi na leso ya mfukoni. Vizibao vingi vina kitambaa cha rangi ya chungwa kali kilichokunjwa mgongoni. Mwindaji akiwa ameketi hakionekani. Akisimama kuondoka na ndege, hukivuta kikaning'inia nyuma, ili mwindaji mwingine asilenge mkia unaochomoza kwenye mfuko wa mwenzake.

Jogoo mzima ana kilo saba hadi kumi na moja. Saa tatu asubuhi, mwenye bahati hukunja miguu ya ndege wake, humwingiza kwenye mfuko wa mgongoni ambao miezi yote ya duka na nyumbani ulikuwa bapa kama bahasha, na hukaza mshipi wa kiunoni. Gramu alizookoa kwa neti na sumaku zimekwisha kufutwa mara ishirini. Huteremka bondeni taratibu, kitambaa cha chungwa kikipepea nyuma. Ule mpira aliofungia kisanduku tangu alfajiri ameusahau pale chini ya mwaloni, na kifuniko kinalia kwa kila hatua mpaka garini.